Mitishamba ya kukoma kwa hedhi: Je, unajua kilicho ndani ya chupa?

Mwanamke akikaribia umri wa miaka 50, huanza kupokea ushauri ambao hakuuomba. Dada yake aliye ng'ambo humtumia chupa ya vidonge. Rafiki wa kanisani humnong'onezea jina la duka fulani katikati ya jiji. Redioni tangazo linamhakikishia kwamba joto, jasho na kukosa usingizi vitakwisha baada ya wiki chache, na kwamba dawa yenyewe haina madhara yoyote kwa sababu imetokana na mimea.

Ni hayo maneno ya mwisho yanayowatia madaktari wasiwasi. Tumbaku pia ni mmea. Kwinini, dawa ya malaria tuliyoizoea kwa miaka mingi, ilitoka kwenye ganda la mti, na kila aliyewahi kuinywa anakumbuka jinsi masikio yalivyovuma. Kitu chenye nguvu ya kubadilisha mwenendo wa mwili kina nguvu ya kuudhuru pia, hata kama kilichimbwa ardhini.

Kwanza tuelewe tatizo lenyewe. Kukoma kwa hedhi si ugonjwa. Ovari, yaani vile vifuko viwili vinavyohifadhi mayai ya mwanamke, hupunguza pole pole kutengeneza homoni iitwayo estrojeni, na damu ya mwezi huanza kuja ovyo ovyo kabla ya kutoweka. Daktari husema hedhi imekoma baada ya mwanamke kukaa miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufikia hatua hiyo kati ya miaka 45 na 55.

Upungufu wa estrojeni huvuruga sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili. Ndiyo maana mama aliyeketi kimya ofisini au ndani ya matatu huhisi ghafla moto ukimpanda kifuani hadi usoni, jasho likamtoka, kisha akaanza kutetemeka kwa baridi. Wako wanaopatwa na hali hiyo mara moja moja kwa wiki, na wako wanaoamka kila usiku kubadilisha shuka. Utafiti uliowafuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba nusu ya waliokuwa wakipata joto hilo mara kwa mara waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka saba. Wanawake weusi ndio walioteseka kwa muda mrefu zaidi, wengi wao miaka 10 na kupita.

Miaka saba bila usingizi mzuri si mchezo. Kwa hivyo asiwepo wa kumcheka mama anayetafuta nafuu popote anapodhani ataipata.

Hofu ya homoni

Kwa muda mrefu dawa iliyotolewa hospitalini ilikuwa homoni zenyewe, ili kujaza pengo lililoachwa na ovari. Julai 2002 utafiti mkubwa nchini Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini walionekana kupatwa na saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ongezeko lenyewe lilikuwa dogo. Kwa saratani ya matiti, lilikuwa la wanawake wanane zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Hata hivyo, hofu iliyofuata haikuwa ndogo. Mamilioni waliziacha homoni hizo, na wafanyabiashara wa mitishamba wakafungua milango.

Ni vyema kusema hapa kwamba wanawake wa utafiti ule walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, na wengi walikuwa wameshapita kipindi kigumu. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye hajawahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu, faida za homoni kwa kawaida huzidi hatari zake. Habari hiyo haikuenea kama ile ya kwanza.

Mzizi kutoka Marekani

Ukisoma kibandiko cha chupa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya tatizo hili, utakuta jina Black Cohosh. Huu ni mzizi wa mmea unaoota katika misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, na wenyeji wa asili wa huko waliutumia tangu zamani. Mwaka 1875 Lydia Pinkham, mkazi wa mji wa Lynn katika jimbo la Massachusetts, alianza kuuza dawa ya maji ya akina mama iliyokuwa na mzizi huo. Dawa hiyo ilikuwa pia na pombe ya karibu asilimia 18, na msomaji anaweza kukisia sehemu ya nafuu ilitoka wapi. Wajerumani nao wamekuwa wakiuza vidonge vya mzizi huo tangu miaka ya 1950.

Je, vinafanya kazi? Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake 351 kwa mwaka mzima. Waliopewa Black Cohosh hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge bandia. Mwaka 2012 wataalamu wengine walikusanya majaribio 16, yenye jumla ya wanawake 2,027, wakayapima pamoja na kusema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwashauri akina mama wautumie mzizi huo.

Mimea mingine haijafanya vizuri zaidi. Dong Quai, mzizi unaopendwa katika tiba ya Kichina, ulijaribiwa kwa wanawake 71 huko California na matokeo yakatolewa mwaka 1997: haukuvishinda vidonge bandia. Vidonge vya Red Clover vilijaribiwa kwa wanawake 252, na taarifa ya mwaka 2003 ikasema havikuleta tofauti ya maana katika kupunguza joto.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: mbona basi jirani yangu anaapa kwamba zilimsaidia? Hadanganyi. Katika majaribio ya dawa za aina hii, hata wanawake wanaopewa vidonge bandia hupata nafuu, na si nafuu kidogo. Joto hili hupanda na kushuka lenyewe. Mtu huenda kutafuta dawa wakati limemzidi, na linapopungua, kama ambavyo lingepungua vyovyote, chupa iliyo mezani ndiyo inayosifiwa. Tena kule kuamini tu kwamba umepata msaada kunaweza kutuliza mwili.

Kama hasara ingekuwa ya fedha pekee, makala haya yangekomea hapo.

Ini lina kisa chake

Mwanzoni mwa 2006 wasimamizi wa dawa nchini Australia waliagiza kila chupa yenye Black Cohosh iwekwe onyo kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Walikuwa wamepokea taarifa za wagonjwa walioanza kumeza vidonge hivyo wakiwa wazima, kisha macho yao yakageuka manjano. Wachache waliugua vibaya hata wakahitaji kupandikizwa ini jingine. Mwezi Julai mwaka huohuo shirika la dawa la Ulaya lilichunguza visa 42 vilivyokuwa vimeripotiwa. Vingi havikuwa na maelezo ya kutosha, na katika visa vinne tu ndipo wachunguzi walipoona kwamba ugonjwa wa ini ulifuatana na matumizi ya mzizi huo kwa namna ya kuaminika kiasi.

Visa vinne kati ya maelfu kwa maelfu ya watumiaji si vingi. Lakini swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa jingine: je, wagonjwa hao walikuwa wamemeza Black Cohosh kweli?

Nchini Canada baadhi ya bidhaa zilizohusishwa na visa vya ini zilipopelekwa kwenye maabara, ilionekana hazikuwa na mmea huo bali mimea mingine ya jamii yake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichukua bidhaa 36 zilizokuwa zikiuzwa kwa jina hilo, wakapima DNA ya mimea iliyokuwamo. Bidhaa tisa, yaani robo nzima, zilikuwa na mimea ya Asia inayofanana nao, ambayo ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu kwa mwenye kiwanda. Mnunuzi hakuwa na namna ya kujua. Unga wa mizizi ni unga tu, na ndani ya kidonge hauonekani hata rangi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote. Mtu anaweza kubishana mwaka mzima kuhusu usalama wa mmea fulani, na kumbe ulio ndani ya chupa ni mwingine kabisa. Kosa kama hilo lilitokea Brussels, Ubelgiji, mapema katika miaka ya 1990, ingawa dawa iliyohusika ilikuwa ya kupunguza unene. Mmea mmoja wa Kichina ulichanganywa na mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, na zaidi ya wanawake 100 wakaharibika figo. Baadhi yao walikuja kupatwa na saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye.

Dawa zinapokutana mwilini

Mama wa miaka 50 mara nyingi huwa tayari ana dawa nyingine kabatini, ya shinikizo la damu, kisukari, moyo, au virusi vya Ukimwi. Muuzaji wa mitishamba haulizi, naye mama hasemi. Akienda kliniki, daktari humwuliza anatumia dawa gani, naye hutaja zile za hospitali pekee kwa kuwa mitishamba haihesabu kuwa dawa.

Mmea unaohitaji tahadhari kuliko yote katika jambo hili ni St John's Wort. Huuzwa kwa ajili ya huzuni na mabadiliko ya tabia yanayoandamana na kukoma kwa hedhi, na mara nyingi huchanganywa na Black Cohosh katika kidonge kimoja. Mmea huu huliamsha ini lizivunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba watu waliomeza St John's Wort pamoja na indinaviri, dawa ya Ukimwi iliyotumika wakati huo, walibaki na chini ya nusu ya kiwango cha dawa hiyo katika damu. Hata dolutegraviri, ambayo ndiyo inayotumiwa na wagonjwa wengi nchini leo, hupunguzwa nguvu. Mgonjwa anameza vidonge vyake kila siku bila kukosa, lakini virusi vinapata nafasi ya kuongezeka na hata kuizoea dawa.

Mmea huohuo hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi pamoja na vile vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mwanamke wa miaka 46 ambaye hedhi yake inaruka miezi bado anaweza kushika mimba, na wako walioshtukia hivyo wakati walipodhani safari ya uzazi imekwisha. Vilevile si salama kuuchanganya na dawa nyingi za kutibu huzuni zinazotolewa hospitalini.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande ajiepushe na Dong Quai, kwa maana humwongezea hatari ya kuvuja damu. Mwenye shinikizo la damu naye auliza kama mchanganyiko una urukususu, ule mzizi mtamu uliozoeleka Pwani na unaotiwa katika dawa nyingi za Kichina. Ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, hupandisha shinikizo na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asianze Red Clover wala vidonge vya soya bila kumwuliza daktari wake, kwa sababu vina kemikali zinazofanana na estrojeni. Soya ya kula nyumbani haina neno. Anayesubiri upasuaji anashauriwa kuacha mitishamba yote wiki mbili kabla, na kumwambia daktari wa kulaza wagonjwa usingizi alichokuwa akitumia.

Si kila jasho ni la umri

Kuna hatari nyingine ambayo haimo ndani ya chupa hata kidogo. Ni ile ya mtu kujipima mwenyewe na kukosea.

Tuseme mwalimu mmoja wa miaka 51, mkazi wa Umoja, anatoka jasho usiku hadi nguo zinalowa. Amepungua uzani na ana kikohozi kidogo anachokidhania cha vumbi. Marafiki wanamwambia ni umri, naye ananunua chupa ya vidonge ya mwezi mmoja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Jasho la usiku, kupungua uzani na kikohozi ni dalili za kifua kikuu, ugonjwa ambao bado uko nasi mijini. Virusi vya Ukimwi pia huleta jasho la aina hiyo, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu ahisi joto na moyo kwenda mbio. Magonjwa haya yote hupimwa na hutibiwa. Miezi mitatu ya kujaribu vidonge ni miezi mitatu ya kuchelewa, na kwa kifua kikuu, ni miezi mitatu ya kuwaambukiza wa nyumbani.

Jambo zito zaidi ni damu. Mwanamke aliyekaa mwaka mmoja bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, hana haja ya dawa ya kurekebisha hedhi. Anahitaji kupimwa. Katika kila wanawake 100 wanaoona damu baada ya hedhi kukoma, karibu tisa hukutwa na saratani ya utando wa ndani wa nyumba ya uzazi. Damu inaweza pia kutokana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa zile zinazoua wanawake wengi zaidi nchini. Ikigunduliwa mapema, saratani ya utando huo hutibika vizuri kwa upasuaji. Muuzaji anayempa mama mwenye dalili hiyo dawa ya kusafisha tumbo anamwibia muda, na muda ndio alio nao.

Na sasa neno moja kuhusu krimu za Wild Yam, yaani kiazi kikuu cha mwituni, zinazouzwa kama projesteroni ya asili. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1940 mwanakemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi hivyo huko Mexico. Lakini aliifanya kazi hiyo katika maabara, kwa kemikali, hatua baada ya hatua. Mwili wa binadamu hauwezi kuigeuza. Mwanamke anayepakwa estrojeni au kuimeza, huku akitegemea krimu hiyo imlinde nyumba yake ya uzazi, hana kinga yoyote.

Kabla ya kulipa

Marekani, ambako nyingi ya chupa hizi hutoka, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu bidhaa za aina hii kuuzwa bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba zinafaa au ni salama. Serikali ndiyo hulazimika kuonyesha kwamba zinadhuru. Kwa hivyo bendera ya nchi kubwa kwenye kibandiko haimaanishi kwamba kuna aliyezipima. Hapa Kenya bidhaa za mitishamba zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mwulize mfamasia akuonyeshe kama ile unayotaka imesajiliwa. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, nambari ya toleo na tarehe ya kuharibika, iache pale pale. Iwapo muuzaji anasema ni mchanganyiko wa siri wa mimea 12, hiyo siri ndiyo sababu ya kutoinunua.

Msaada wa kweli upo. Mbali na homoni, kuna dawa chache za huzuni ambazo kwa kipimo kidogo hupunguza joto hili, na gabapentini husaidia wanaosumbuliwa usiku. Mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia yameonekana kuwapunguzia wengi adha ya joto na kukosa usingizi. Kupunguza uzani husaidia walionenepa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetanti, dawa mpya isiyo ya homoni inayotuliza ile sehemu ya ubongo inayodhibiti joto. Mwaka uliofuata ikawekewa onyo kali kwa sababu ya ini. Tofauti yake na mizizi ya dukani ni kwamba anayeandikiwa hupimwa damu kabla ya kuanza na mara kadhaa baadaye, na daktari anajua hasa ni nini kimo ndani ya kidonge.

Anayetumia mitishamba tayari na asiyetaka kuiacha aende na chupa yenyewe kliniki, si jina la kukumbuka. Asiichanganye na pombe, wala na panado za kila siku, wala na dawa za kifua kikuu, ambazo nazo hulisumbua ini. Akiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yamegeuka manjano, ngozi inamwasha mwili mzima, au ana maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na uchovu usio na sababu, aache vidonge siku hiyohiyo na aende hospitali. Chupa asiitupe hata ikiwa tupu. Nambari ya toleo iliyo chini yake ndiyo itakayoiwezesha Bodi kuzifuata nyingine zilizobaki madukani.